Shajara ya mradi wa Wilcox: daftari la deni na blanketi la viraka

Jumamosi, 11 Januari

Leo nimeanza rasmi. Nimefungua faili jipya kwenye laptopu nikaliita WILCOX, afu nikakaa karibu nusu saa sijaandika kitu.

Wilcox ni kaunti ya shamba huku kusini mwa Marekani, jimbo la Alabama, makao makuu yake mji mdogo unaitwa Camden. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 10,600 tu hivi kaunti nzima na wengi wao ni weusi. Iko kwenye ule ukanda wanaouita Ukanda Mweusi, jina lilianza kwa sababu ya udongo, baadae likawa la watu pia maana ndiko watumwa walikorundikwa kulima pamba. Mimi nimekulia Bariadi, nyumbani kwetu tunalima pamba, na siku ya kwanza nilipopita huku baada ya mvua nikashuka kwenye gari nikaukanyaga udongo nikajua hapohapo: hii ni mbuga, ule udongo wetu mweusi wa pamba. Ileile inayong'ang'ania kiatu ikilowa na ikikauka inapasuka mpaka mguu wa ng'ombe unazama. Nadhani mradi ulianzia pale barabarani hata kabla sijajua kama ni mradi.

Naishi Birmingham ya hukuhuku Alabama mwaka wa 9 sasa. Waswahili tuko wengi tu majimbo haya ya kusini, Watanzania, Wakenya, ndugu zetu wa Kongo, tunapita barabara hizi kwenda kazini, kwenye harusi na misiba, na sijawahi kuona popote mtu ametuandikia kwa lugha yetu waliishi vipi watu wa vijiji tunavyovipita. Basi mpango ni huu: karatasi 20, kila moja kaya moja au mtu mmoja, iwe na picha, iwe na rekodi ya serikali, iwe na maelezo ya Kiswahili cha kusomeka, afu nisome kwa sauti nirekodi. Kaunti nzima siiwezi peke yangu. Naanza na kijiji kimoja, Gee's Bend, kwenye ramani kimeandikwa Boykin tangu 1949 lakini wenyewe bado wanasema Gee's Bend. Mto Alabama umekizunguka pande 3, barabara ya kuingilia ni moja.

Jumapili, 19 Januari

Wiki nzima nimeshinda kwenye sensa za zamani. Zimeskaniwa, zipo wazi mtandaoni, unahitaji macho na uvumilivu tu.

Historia ya mwanzo niiweke hapa nisije nikaisahau. Mwaka 1816 Joseph Gee alitoka kaunti ya Halifax, jimbo la North Carolina, akaja kwenye hili pindo la mto na watumwa 18. Alipokufa 1824 walikuwa wamefika 47, akawarithisha wapwa zake pamoja na shamba. Baadae hao wapwa wakaelemewa na deni la dola 29,000 kwa ndugu yao Mark Pettway, na mwaka 1845 deni likalipwa kwa shamba, na watu ndani yake, kama unavyolipa kwa ng'ombe. 1846 Pettway akahamia huku na watumwa kama 100, na hao watu walitembea kwa miguu. North Carolina mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000, weka Mwanza mpaka Dar kwa miguu, na wengine walikuwa watoto.

Kwahiyo nikafungua karatasi za watumwa za sensa ya 1850 na 1860 nikitegemea kuwakuta. Na wamo kweli, ila hawana majina. Kuna jina la mwenye mali juu, chini yake ni mistari: umri, jinsia, herufi B kwa mweusi au M kwa chotara, basi. Mtu wa miaka 40, mtu wa miaka 6, mtoto wa miezi. Nilijaribu kuhesabu nikashindwa kuendelea nikaenda kuchemsha chai.

Majina yanaanza 1870, sensa ya kwanza baada ya utumwa kuisha. Unafungua ukurasa wa Wilcox unakuta Pettway, Pettway, Pettway, ukurasa mzima umejaa Pettway, maana watu waliachwa huru wakabaki na jina la aliyekuwa anawamiliki na mpaka leo ndilo jina la kijiji. Karatasi namba 1 itakuwa ya hao waliotembea. Picha haitakuwepo, nitaweka ule mstari wa 1860 kama ulivyo, bila jina.

Jumatano, 29 Januari

Kosa kubwa. Nimegundua kwenye jedwali langu la Excel nimewaunganisha wanawake wawili nikawafanya mmoja. Jina la kwanza sawa, la ukoo sawa, umri umepishana miaka miwili, nikaona aa huyu ni yuleyule karani alikosea umri. Kumbe ni watu wawili waliokuwa wanakaa nyumba ya tatu kutoka nyumba, kila mtu na mume wake na watoto wake, na mimi nikachukua watoto wa huyu nikampa yule. Siku 4 za kazi zimerudi sifuri na sijali siku 4, kinachoniuma ni kwamba ningeichapa hivyo na mjukuu wa mtu angekuja kuisoma.

Utaratibu mpya kuanzia leo: simtambui mtu kwa jina, namtambua kwa majirani. Naandika kaya mbili za juu na mbili za chini yake, sensa inayofuata natafuta kundi lote. Watu wa hapa hawakuhamahama, kwahiyo majirani wanakaa palepale miaka 30, 40.

Tatizo lingine halina dawa. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwenye moto Washington mwaka 1921, kwahiyo kutoka 1880 unaruka mpaka 1900. Mtoto aliyezaliwa 1881 akafa 1899 hayupo kwenye sensa yoyote. Nimeacha safu tupu kwenye jedwali, sitaki kuijaza kwa kukisia.

Jumamosi, 8 Februari

Hii wiki ni ya deni. Nimechelewa kuiandika sababu nilikuwa na hasira.

Baada ya utumwa watu walibaki kwenye shamba lilelile kama wapangaji. Shamba lenyewe mwishoni mwa miaka ya 1800 likauzwa kwa Van de Graaff wa Tuscaloosa, mtu anayekaa mbali. Mfumo ulikuwa hivi, na mtu wa kanda ya ziwa ataelewa haraka: mwezi wa tatu huna kitu, unaenda kwa mwenye duka mjini anakukopesha mbegu, mbolea, unga, mafuta ya taa, kitambaa, anaandika kwenye daftari lake. Unapanda, unapalilia, unachuma, unapeleka pamba, inapimwa, anakata deni lake, kinachobaki ni chako. Sisi nyumbani tunasema kukatwa. Tofauti ni kwamba huku daftari lilikuwa moja na kalamu ilikuwa moja na riba alipanga yeye, na wakulima wengi wao hawakupewa shule ya kusoma kilichoandikwa. Baba yangu alikuwa na kidaftari chake mwenyewe cha kilo, akifika kwenye mzani anakitoa, mkibishana mnabishana na karatasi mbili mezani. Hawa hawakuwa na karatasi ya pili.

Mwaka 1919 ratili moja ya pamba ilikuwa inakwenda kama senti 35. 1931 ilikuwa chini ya senti 6. Hesabu iko wazi, kazi ileile, marobota yaleyale, na deni halikupungua kwa sababu deni halijui bei.

1932 mfanyabiashara wa Camden aliyekuwa anawakopesha akafariki. Mjane wake akataka madeni yalipwe mara moja. Vuli ile watu wakaja Gee's Bend wakaingia nyumba kwa nyumba, kaya zaidi ya 60, wakachukua nyumbu wa kulimia, ng'ombe, nguruwe, kuku, majembe ya kukokotwa, mikokoteni, mahindi yaliyokuwa ghalani, karanga, viazi vitamu. Nimeandika orodha hiyo mara mbili na bado mikono inasita kwenye viazi vitamu. Nyumbu ni mali, sawa, mtu anaweza kukwambia aliwekwa rehani. Kiazi umekifukia shimoni ili watoto wale Januari.

Msimu ule wa baridi waliupita kwa samaki, sungura, matunda ya porini na unga wa Msalaba Mwekundu. Hawakuondoka. Ningependa sana kujua walikaa vikao gani, nani alisema tubaki, nani alimpa nani kibaba cha unga. Hizo ndio karatasi namba 5 mpaka 9 na kwa sasa nina upande mmoja tu, upande wa daftari.

Jumamosi, 15 Februari

Hamna maendeleo. Ofisi moja ya kumbukumbu niliyoilipia nakala za hati za mikopo wamenitumia za kaunti nyingine na hawajibu barua pepe. Nimeandika tena kwa upole.

Jumamosi, 22 Februari

Picha! Nimepakua zote.

Serikali ya Rais Roosevelt ilimtuma mpiga picha Arthur Rothstein Gee's Bend mwaka 1937, na 1939 akaja Marion Post Wolcott. Picha ziko kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, faili kubwa, bure, ruksa kutumia. Ukiivuta kwa karibu unaona kila kitu, unaona udongo uliokandikwa katikati ya magogo ya ukuta, unaona alama za vidole kwenye udongo ulipopigwa lipu. Mimi nyumba za aina hiyo sihitaji kuambiwa zinanukaje mvua ikinyesha.

Iliyonikalisha ni ile maarufu ya msichana amesimama dirishani. Dirisha halina kioo, ni kibao cha mbao cha kufungua na kufunga, na ndani wamebandika magazeti kuzuia upepo, ndivyo walivyofanya kwenye kuta pia, wanakoroga unga na maji wanabandika. Kwenye kile kibao karibu na uso wa mtoto kuna tangazo la gazeti, mwanamke mzungu anatabasamu ana chakula. Watu wengi wakiiandika hii picha wanaishia kwenye hilo tangazo, tofauti ya shibe na njaa, na ni kweli ipo, Rothstein mwenyewe hakika aliiona. Ila mimi nimeangalia kingo za magazeti. Zimebandikwa zimenyooka. Kuna mtu alisimama pale akalinganisha karatasi na karatasi, pembe kwa pembe, na huyo mtu hayupo kwenye maelezo ya picha. Nimemwandikia aya nzima.

Inabidi niseme pia picha zilipigwa kwa kazi maalumu, kuonyesha walipakodi kwamba hawa watu wanahitaji msaada na kwamba msaada unafanya kazi. Kwahiyo 1937 wanaonyeshwa na shida, 1939 wanaonyeshwa wanajenga. Na kweli walijenga. Serikali ilinunua shamba lote, kama ekari 10,000, ikaligawa, ikakopesha watu kwa riba ndogo, zikajengwa nyumba mpya za mbao kama 100 zenye madirisha ya vioo ambazo wazee bado wanaziita nyumba za Roosevelt, pamoja na shule, duka la ushirika, zahanati, kiwanda cha kuchambulia pamba. Miaka ya 40 familia zikaanza kuimiliki ile ardhi kwa hati. Watu ambao babu zao walilipwa kama deni sasa wana hati ya shamba lilelile. Sehemu nyingi za kusini hilo halikutokea, na mbele itaonekana kwanini lilikuja kuwa na maana kubwa.

Nimechagua picha 11. Nimeziacha zile ambazo mtu ameinamisha uso, niliona kama hakutaka.

Jumapili, 2 Machi

Nimeanza kusikiliza rekodi za 1941. Robert Sonkin alikuja na mashine ya kuchonga sahani akarekodi nyimbo za kanisani, sala, mazungumzo. Mwanzoni unasikia mchakarisho tu kama mafuta yanakaangwa, afu sauti inakuja kutoka mbali.

Kuna namna yao ya kuimba, kiongozi anautaja mstari harakaharaka karibu kama anaongea, kusanyiko linaupokea na kuuvuta, neno moja linavutwa mpaka unasahau ni neno gani, kila mtu anapanda na kushuka kwa njia yake na bado wako pamoja. Inatokana na siku ambazo kitabu cha nyimbo ni kimoja na anayejua kusoma ni mmoja. Nilivaa hedifoni nikazima taa. Kwa kutafsiri maneno sijafanikiwa, nimefuta mara 6, nikayaacha. Kwenye toleo la sauti nitaeleza kwa Kiswahili afu niwaache waimbe wenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimempigia mama.

Mama yangu ni fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa. Huku Gee's Bend wanawake wanajulikana dunia nzima kwa mablanketi ya viraka, 2002 yalipelekwa makumbusho ya sanaa ya Houston kisha New York, 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu 10 za mablanketi hayo. Nimesoma wataalamu wanayafananisha na michoro ya kisasa ya Ulaya, wanasema vizuri tu, ila mimi nilitaka kusikia fundi. Nikamtumia WhatsApp picha 3 za yale ya zamani yaliyoshonwa kwa nguo za kazi, bila maelezo. Nikampigia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, umeziona? Akasema subiri nivae miwani.

Kimya kirefu. Afu akaanza.

"Hii hapa ilikuwa suruali, imefumuliwa mguu mzima ikalazwa. Unaona hapa katikati kumepauka duara? Hilo goti. Huyu mtu alikuwa anapiga magoti, sijui anachuma au anapalilia, ila magoti yamefanya kazi. Na hapa pana mraba umekolea bluu, unauona? Palikuwa na mfuko. Mfuko ulikinga jua, wameubandua, wakaacha rangi ilivyokuwa siku nguo inanunuliwa."

Mimi nimeziangalia hizo picha wiki 3 kwa zoom ya juu kabisa na sikuliona goti.

Akaendelea, hizi mshono ni wa mkono, hatua fupifupi, mwanga ulikuwa hafifu maana huku pembeni mstari umepinda afu ukarudi. Akauliza ndani wameweka nini. Nikamwambia pamba, waliokota iliyodondoka sakafuni kwenye kiwanda cha kuchambulia wakaipigapiga kwa fimbo kutoa uchafu. Akacheka, "kumbe fifi!" Fifi kwetu ni ile pamba ya daraja la chini, chafu, inayokatwa bei. Nimeandika hilo neno kwenye karatasi kama lilivyo, maana hakuna neno lingine ambalo mkulima wa Simiyu au Shinyanga atalielewa haraka hivyo.

Ndipo nikamsimulia ya Missouri Pettway, mwanamke wa Gee's Bend. Mumewe alifariki, Nathaniel, mkulima. 1942 Missouri akachukua nguo za kazi za marehemu, suruali na mashati, akamwita binti yake Arlonzia, aliyesema alikuwa wa miaka kama 17 au 18, amsaidie kuchana, akazishona blanketi la karibu mita 2 na robo kwa mita 1 na robo tatu. Ni binti ndiye alikuja kulisimulia akiwa mtu mzima, kwamba mama yake alisema anatengeneza kitu cha kumkumbuka na kujifunika kwa mapenzi. Leo liko kwenye jumba la sanaa la taifa, Washington.

Mama akanyamaza tena. Mwisho akasema, "Sisi nguo za marehemu tunazigawa kwa ndugu, kila mtu anaondoka na kipande. Huyu yeye alikataa zisitawanyike." Afu akauliza huyo mama alibaki na watoto wangapi, wanalala chumba kimoja au viwili, baridi ya huko ikoje. La watoto ndilo swali ambalo sensa ya 1940 inajibu. Nimekesha nayo mpaka saa 8 usiku.

Karatasi namba 12 imekamilika kwa siku moja. Na nimebadilisha muundo wa mradi mzima: kila karatasi sasa upande wa kushoto ni kile kilichoandikwa na wengine kuhusu hao watu, sensa, deni, maelezo ya picha, na upande wa kulia ni kile walichotengeneza au kusema wenyewe, mshono, wimbo, simulizi. Upande wa kulia ukiwa mtupu unabaki mtupu, msomaji auone.

Jumapili, 16 Machi

Karatasi 13 mpaka 16, miaka ya 60. Nimeandika kwa haraka nitarudia.

Mwanzoni mwa 1965 kaunti ya Wilcox haikuwa na mpigakura mweusi hata mmoja aliyeandikishwa, na weusi walikuwa zaidi ya robo tatu ya watu wote. Gee's Bend walikuwa wameanza kuvuka mto kwenda Camden kujiandikisha, na hapa ndipo zile hati za ardhi zinapoingia: mpangaji akijiandikisha mwenye shamba anamtupia vyombo nje, na ilitokea sehemu nyingine za kaunti, lakini mtu wa Gee's Bend yuko kwake, utamfukuza uende wapi naye. Basi 1962 pantoni ikasimamishwa. Ng'ambo ya Camden unaiona kwa macho, kwa pantoni ni robo saa tu, kwa barabara kuzunguka ni kama saa nzima kwa gari, na wenye gari walikuwa wachache. Pantoni ilirudi 2006. Miaka 44.

Mimi nimekua napanda pantoni ya Kigongo kwenda Busisi, najua ilipokuwa ikiharibika siku mbili tu hali ilikuwaje, wagonjwa, samaki, wanafunzi. Nimejaribu kuwaza mtu aliyekuwa na miaka 20 ikisimama, akaipanda tena ana 64.

Martin Luther King alikuja Februari 1965 usiku wa mvua, kanisa likajaa. 1966 wanawake wakaanzisha chama cha ushirika cha kushona, Freedom Quilting Bee, padri Francis Walter akiwasaidia kupata wanunuzi New York na Estelle Witherspoon akikisimamia miaka mingi. 1972 wakapata kazi ya kampuni ya maduka ya Sears ya kushona foronya za kodrai, kile kitambaa kizito cha mifereji, ndio maana mablanketi ya miaka ya 70 yamejaa kodrai, mabaki yalikwenda nyumbani na wanawake. Halafu kulikuwa na bwawa la Millers Ferry lililojengwa miaka ya 60, maji yakapanda yakameza maelfu ya ekari za bondeni, mashamba mazuri kuliko yote. Hilo la bwawa nahitaji ramani ya kabla na baada, bado sijaipata, ila silitaki liwe sentensi moja tu kwenye karatasi ya mtu mwingine. Litapata karatasi yake.

Jumamosi, 29 Machi

Nimevuka.

Nimetoka Birmingham alfajiri, Camden nikapanda pantoni. Tangu 2019 inaendeshwa kwa umeme wa betri, haina ngurumo, unasikia maji tu yakipiga ubavuni, na ng'ambo ile waliyofungiwa inakuja taratibu mpaka inakuwa miti, mpaka inakuwa barabara.

Nilikuwa na miadi na mama mmoja mzee, jina silitaji. Nilimpelekea karatasi 12 nilizokwishazichapa. Alinikaribisha jikoni, akanipa chai ya baridi yenye sukari nyingi. Akataka nimsomee kwa Kiswahili kwanza kabla ya kumwelezea, akafumba macho akasikiliza ya Missouri mpaka mwisho. Akasema anasikia jina la ndugu yake linapita katikati ya maneno asiyoyajua kama mtu anayemfahamu anapita sokoni.

Nikamweleza ya mama yangu na goti. Alinyanyuka, akaenda chumbani akarudi na blanketi, akalikunjua mezani, bluu na kijivu, muundo wa Paa la Nyumba, miraba ndani ya miraba. Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya sehemu moja. Kitambaa ni chembamba, karibu cha kutoboka, na pembeni yake palepale ni kigumu kama kipya. Akasema kiwiko.

Amenisahihisha vitu vitatu. Kwanza nimeandika walishona kwa mabaki, akasema mabaki ni kitu kilichozidi, wao hawakuwa na kilichozidi, walishona kwa nguo. Pili ule wimbo niliodhani ni wa msiba unaimbwa Jumapili yoyote. Tatu, ya 1932, alihadithiwa na mama yake: msimu ule walilala watoto wote kitanda kimoja na mablanketi yote juu yao, na wakubwa walikaa motoni kwa zamu. Mablanketi hayakuchukuliwa, hakuna aliyeona yana bei.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeondoa neno mabaki kwenye karatasi zote za blanketi, lilikuwa mara 31, na la kodrai za Sears nimeliacha kwa sababu zile kweli zilizidi kiwandani. Upande wa kulia wa karatasi namba 5 umepata maneno yake, yale ya zamu motoni, kwa ruhusa ya mwenyewe na bila jina. Namba 6 mpaka 9 bado tupu.

Zimebaki karatasi 4 kufika 20, moja ni ya bwawa. Mama ameomba nimtumie zilizochapwa kwa mkono wa mtu anayekuja nyumbani mwezi wa sita, anataka kuzibandika karibu na cherehani. Printa imeishiwa wino wa bluu, kesho baada ya kazi napitia dukani.